Dawa ya macho kutoka baharini inatafutwa, lakini mwani tusiukamulie jichoni

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na ikiwezekana naomba isikatwe, mana hili jambo likitolewa nusu ndo linazidi kuwa hatari. Mimi ni mtoa dawa, nafanya kazi kwenye duka la dawa huku Kusini Unguja, na siku haipiti bila ya kuja mtu wa macho. Zamani walikuwa wakiuliza bei tu. Siku hizi wanauliza kama ni kweli mwani unatibu macho, eti Wajapani wameshagundua, eti una nguvu sawasawa na dawa za hospitali, na wengine wala hawaulizi, wanakuja kuniarifu kuwa wameshaanza: wanaloweka mwani usiku kucha, wanaukamua, wanachuja kwa kipande cha kanga, alafu wanamdondoshea mtoto asubuhi na jioni.

Simcheki mtu kwa hilo. Humo ndani mna ukweli, tena ukweli wa kutia moyo, ila umetufikia nusu, na nusu iliyobaki njiani ndo ninayotaka kuieleza leo.

Nianze na huo ukweli wenyewe. Chuo Kikuu cha Hokkaido, kule Sapporo kaskazini mwa Japani, wataalamu wa macho walitoa kazi mbili zilizofuatana, ya kwanza mwaka 2003 na ya pili 2005. Walichukua panya wakawachoma sindano ya sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria. Sumu hiyo ikishaingia, macho ya panya yanavimba kwa ndani, na sisemi ule wekundu wa juu tunaouona mtu akiamka na tongotongo, nasema ndani khasa, kwenye sehemu inayoitwa yuvea, ambayo ndo ina lile duara la rangi la jicho na mishipa inayolilisha damu. Binadamu naye anaupata ugonjwa huo, unaitwa yuveitisi, na ni katika magonjwa yanayopofua watu wakiwa bado na nguvu zao za kufanya kazi. Unaletwa na mambo mengi, kifua kikuu kimo, kaswende imo, virusi vya hapesi vimo, vile vimelea vya toksoplasma vimo, na mara nyingi tu ni kinga ya mwili yenyewe imegeuka kumshambulia mwenyewe na sababu haijulikani.

Sasa wale panya wengine wakapewa vitu vya baharini. Mwaka 2003 walipewa astaksanthini na mwaka 2005 fukosanthini. Majina makubwa lakini vitu vyenyewe tunaishi navyo. Astaksanthini ni ile rangi nyekundu ya kamba, yani ukimtia kamba kwenye sufuria ya maji ya moto akageuka mwekundu mbele ya macho yako, ile ni astaksanthini iliyokuwa imeshikwa na protini kwenye gamba lake, moto ukaiachia. Kamba mwenyewe haitengenezi, anaipata kwenye chakula, asili yake ni mimea midogo ya majini isiyoonekana bila hadubini. Na fukosanthini ndo rangi inayoufanya mwani wa kahawia uwe wa kahawia, ule unaotupwa ufukweni wenye vijipovu vya hewa kama shanga ambao watoto wanavibonyeza vinapasuka.

Walichofanya baada ya hapo ni kuvuta maji ya ndani ya jicho la panya na kuhesabu chembe za damu nyeupe na protini zilizovujia humo, mana jicho lisilougua halina vitu hivo ila kidogo mno, vikizidi ndo uvimbe wenyewe. Majibu yalikuwa haya: astaksanthini miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wa panya ilituliza uvimbe kwa nguvu sawa na miligramu 10 za prednisoloni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe. Fukosanthini ikafanya vizuri zaidi, miligramu 10 zake zilikuwa karibu sawa na miligramu 10 za prednisoloni. Huo ndo msingi wa maneno yanayozunguka mitaani, na ni wa kweli.

Kwa nini jambo hili linanigusa mimi muuza dawa wa shamba? Kwa sababu ya hiyo prednisoloni na ndugu zake. Hizi ni steroidi. Kwa daktari wa macho anayejua anachofanya steroidi ni rehema, mtu aliyeingia hospitali ameshikwa mkono hawezi kufungua jicho kwa mwanga anatoka baada ya siku chache anasoma gazeti. Lakini steroidi hiyohiyo ikitiwa jichoni wiki kwa wiki bila ya kupimwa inapandisha presha ya jicho. Kama mtu 1 katika 3 presha yake hupanda kiasi, na kama watu 5 katika 100 hupanda sana, na huwezi kumtambua kwa sura nani yumo katika hao 5. Presha ya macho haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembeni taratibu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi hata ukienda India. Juu ya hapo steroidi inaleta mtoto wa jicho kabla ya umri wake.

Na huku kwetu jinsi steroidi za macho zinavonunuliwa inatisha. Mtu anakuja na chupa tupu, lebo imeshafutika kwa jasho la mfukoni, ananiwekea mezani ananambia "dada nipe kama hii, ile yenye kifuniko cheupe, inasafisha macho vizuri." Ukiisoma ni deksamethasoni, nayo ni steroidi, imechanganywa na antibayotiki. Ukimuuliza nani aliandikiwa anakwambia shemeji yake, mwaka juzi. Ukimwambia sikupi mpaka uende kituo cha afya anaona unamringia, anatoka anakwenda duka jingine na huko anapewa. Na kwa kweli anasema kweli, inasafisha, mana steroidi inaondoa wekundu hata kama kilicholeta wekundu kingali humo ndani kinakula jicho. Kama ni hapesi ya konea, yani ya kile kioo cha mbele ya jicho, ile kidonda kidogo chenye matawi matawi, ukikitia steroidi peke yake bila dawa ya virusi kinatambaa kinakuwa kidonda kipana, na anayebaki na kovu jeupe katikati ya jicho ni yeye.

Wanaoniuma zaidi ni watoto. Kuna ule mzio wa macho wa watoto, macho yanawasha mno, mtoto anasugua mpaka weupe wa jicho unageuka rangi ya udongo, skuli hasomi, jua hataki. Si ugonjwa wa mwezi mmoja, unakwenda na kurudi miaka, wengi unawaacha wakishabaleghe. Mama afanye nini? Ananunua chupa, macho yanatulia, chupa ikiisha yanaanza tena, ananunua nyingine. Ifike miaka mitano mtoto ana steroidi ya kutosha kumharibu, na siku wanayogundua kuwa haoni pembeni ni ile anayogongwa na baiskeli. Kwa mtoto kama huyu dawa inayotuliza uvimbe bila ya kupandisha presha ni kitu cha kusubiriwa kwa hamu kubwa, ndo mana mimi nikisikia mwani na kamba nakaa kitako nasikiliza.

Na sayansi yake inaeleweka. Ndani ya seli kuna kitu kinaitwa NF-kappa B, ni mfano wa swichi, ikiwashwa seli inaanza kutoa ujumbe wa kuita uvimbe, na mmoja katika wajumbe hao anaitwa TNF. Astaksanthini na fukosanthini zote mbili zinapunguza hao wajumbe. Na tunajua kumzuia TNF kunasaidia kweli jicho la binadamu, kwa sababu ipo dawa ya sindano, adalimumabu, ambayo kazi yake ni kumkamata huyo TNF tu na Marekani waliiruhusu kwa yuveitisi mwaka 2016. Ila bei yake si ya mtu wa kwetu. Kwa hivo wazo kwamba bahari inaweza kutupa kitu cha rahisi kinachogusa njia hiyohiyo si wazo la kubezwa hata kidogo.

Sasa nusu ya pili, na hapa naomba msomaji asiniache.

Wale panya hawakutiwa maji ya mwani jichoni. Walichomwa kitu safi kilichotolewa kwenye mwani na kutenganishwa na kila kingine, tena kwenye mshipa wa damu, na walichomwa karibu wakati uleule waliopewa sumu, yani kabla uvimbe haujajenga nyumba. Mgonjwa wetu anakuja baada ya wiki tatu jicho limeshashikana. Alafu chukua hesabu ya dozi. Mtu wa kilo 60 ukimpa astaksanthini kama ya panya ni gramu 6. Wanasayansi wana namna yao ya kushusha dozi ya panya ije kwa binadamu, wanagawanya kwa kama 6, basi tuseme tumebaki na gramu 1. Vile vidonge vya astaksanthini vinavouzwa kwenye maduka ya virutubisho vingi ni vya miligramu 4 mpaka 12. Kwa vya 12 itabidi umeze kama vidonge 80 kwa mkupuo, na bado kumeza si sawa na kuchomwa, mana tumboni kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kwa hivo hata huyo anayeuza vidonge akasema vinatibu macho yaliyovimba anasema kitu ambacho panya wa Sapporo hawakukisema.

Na la pili ambalo watu wa kwetu wanatakiwa walijue kuliko wote duniani. Mwani tunaolima sisi tangu ulipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, spinosamu na kotonii, ni katika jamii ya mwani mwekundu. Fukosanthini iko kwenye mwani wa kahawia. Hawa ni watu wawili tofauti. Mwani wetu wa shambani unachukuliwa kwa ajili ya utomvu wake, karajinani, unaotiwa kwenye dawa ya meno na vyakula ili viwe vizito. Sasa sikilizeni: maabara duniani kote tangu mwaka 1962 mtafiti akitaka kujaribu dawa ya kutuliza uvimbe, njia maarufu kabisa ya kumvimbisha panya ni kumchoma karajinani kwenye wayo. Anachomwa, wayo unavimba ndani ya saa chache, ndo anapewa dawa inayojaribiwa. Yani utomvu wa jamii ileile ya mwani anaokamua mama ili kutuliza uvimbe ndo unaotumika kuuleta. Sisemi dawa ya meno ina madhara, kula na kuchomwa ni vitu mbali mbali. Nasema mwani si kitu kimoja, una mamia ya vitu ndani yake, kimoja kinatuliza na kingine kinachokoza, na kitambaa cha kanga hakiwezi kuvitenganisha.

La tatu ni uchafu. Maji ya ufukweni yana bakteria, yana kuvu, yana amiba. Jicho zima linajitetea, jicho lililokwisha kusuguliwa limechubuka na mchubuko ndo mlango. Kidonda cha konea kikishaingia kuvu ni miezi ya matibabu na wengine wanapoteza jicho. Kuna utafiti ulitoka mwaka 1994 wa vidonda vya konea vijijini Tanzania, na kama robo ya wagonjwa wale walikuwa wametia dawa za kienyeji kabla. Na hapa juzi tu, Januari 2024, macho mekundu yalipoingia Dar es Salaam na kuenea, Wizara ya Afya ilibidi itoke iwaombe watu waache kujitia vitu visivyoelekezwa na daktari. Yale yalikuwa virusi, mengi yangepoa yenyewe kwa wiki moja au mbili kwa kunawa mikono na kutoshirikiana taulo. Mtu aliyejitia kitu akapata kidonda hicho kidonda amejiletea, virusi havikumletea.

Kuna atakayesema huyu dada anapinga dawa za asili. Hapana wallahi. Naamini bahari inatibu macho kwa sababu imeshawahi kutibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alikuta ndani ya sponji wa baharini kutoka Florida vitu vinavofanana na vijenzi vya DNA ila sukari yake ni ya aina nyingine. Wenzake wakashika wazo hilo, wakatengeneza maabara vya kufanana navyo, kimojawapo kikaitwa vidarabini, na mwaka 1976 Marekani ikairuhusu kama mafuta ya kupaka jichoni kwa ile ile hapesi ya konea niliyoitaja juu. Watu wengi waliokolewa macho yao kwa wazo lililotoka kwa sponji aliyekaa kwenye mwamba, mpaka dawa nyingine ya virusi, asaikloviri, ilipokuja ikachukua nafasi. Lakini tazama njia yake, kutoka sponji mpaka jichoni ni kama miaka 25, na hakuna hata mgonjwa mmoja aliyekamuliwa sponji. Walichukua umbo la kitu, wakalitengeneza safi, wakalijaribu, ndo likaingia kwenye jicho la mtu.

Na bahari hiyohiyo imeshafeli pia. Papa mdogo wa bahari za baridi ana kitu kinaitwa skualamini, kiligunduliwa 1993, ikatengenezwa dawa ya matone kwa ugonjwa wa wazee wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kila mtu akawa na matumaini, mwaka 2018 jaribio kubwa likatoa majibu kuwa haikusaidia. Mwaka huohuo 2018 likatoka jaribio jingine Marekani la mafuta ya samaki, omega-3, kwa watu wenye macho makavu yanayowasha. Watu 535, wengine walipewa gramu 3 kila siku kwa mwaka mzima na wengine mafuta ya zeituni, bila ya kujua nani kapewa nini. Wote wakapata nafuu, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Kabla ya hapo madaktari wengi tu walikuwa wanaandikia watu mafuta ya samaki kwa moyo mmoja. Ndo mana panya peke yake hatoshi, na ushahidi wa jirani hautoshi, hata kama jirani ni daktari.

Sasa Mhariri, ombi langu lipo sehemu mbili.

La kwanza ni kwa serikali zetu na vyuo vyetu. Tunao mwani wa kahawia wa kila aina kwenye miamba yetu kuanzia Lamu mpaka Mtwara, sijaona anayeulima wala anayeununua, unaoza ufukweni. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili wana taasisi ya tiba asili, Moshi kwenye hospitali ya KCMC kuna idara ya macho inayofundisha madaktari wa nchi nyingi, Mombasa kuna KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, upande wa Kenya. Watu wa mwani, watu wa kemia na watu wa macho wakae meza moja. Wapime mwani wetu una fukosanthini kiasi gani, msimu gani, unakaushwaje isiharibike mana rangi hiyo inaharibiwa na jua na joto, na sisi tunaanika mwani juani. Wajaribu kama inaweza kufanywa matone safi yanayopenya konea, mana vitu hivi vinapenda mafuta havipendi maji, kuvitia kwenye chupa ya matone ni kazi ya ufundi peke yake. Na wakianza kwa binadamu waanze na ule mzio wa watoto chini ya uangalizi wa hospitali, na idhini zote, mana hapo ndo tuna shida kubwa na ndo wenzetu wa nchi za baridi hawana haraka napo.

Tusipofanya sisi watafanya wengine, na tumeshayaona. Ziwa Bogoria kule Kenya vijidudu vilichukuliwa mwaka 1992, vimeng'enya vyake vikaja kutumika viwandani kufifisha rangi za jinzi, na ilipofika 2004 ndo Shirika la Wanyamapori la Kenya likasimama kudai haki yake. Saivi kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inayosema anayechukua kiumbe cha nchi ya watu akafanya nacho biashara agawane faida na wenyewe, na Kenya na Tanzania zote zimo. Basi mkataba wowote wa mwani wa dawa uwataje kwa maandishi kina mama wa mwani. Wao ndo wanaoingia majini na maji kupwa, jua linawapiga juu na linawapiga tena likirudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe, na tafiti zilizofanywa huku Zanzibar zimeandika kuwa macho ni katika malalamiko yao pamoja na mgongo na uchovu. Hawa wanahitaji kofia pana na miwani ya jua leo, wasisubiri dawa.

La pili ni kwa sisi wauza dawa na wanaotukagua. Matone ya steroidi yasitoke bila ya cheti cha daktari, kwa mtu yeyote, hata akiwa mjomba wako. Najua biashara ni ngumu na mteja ukimkatalia anahama, mimi mwenyewe wananihama, lakini maduka yote yakikataa atakwenda wapi zaidi ya hospitali? Wakaguzi wakija wanaangalia tarehe za kuisha muda na leseni ukutani, naomba waangalie na daftari la steroidi za macho, ziliingia chupa ngapi, zilitoka kwa vyeti vingapi.

Na wewe msomaji mwenye jicho jekundu sasa hivi: kama linatoa tongotongo, linakwaruza, na unaona vizuri, nawa mikono, lipanguse kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, usimpe mtu taulo lako, lisipopoa nenda kituo cha afya. Lakini kama linauma kwa ndani, mwanga unakuchoma, wekundu umezunguka lile duara la rangi, uono umekuwa ukungu, au mboni imekuwa ndogo kuliko ya jicho la pili au haina duara sawasawa, hiyo ni hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyohiyo, usilale nalo. Ukifika mwambie daktari kila ulichotia, hata mwani, hatokugombeza na akikugombeza vumilia, mana bila ya kujua hilo anaweza kukosea dawa. Na yeyote ambaye mtoto wake ametumia matone zaidi ya wiki mbili aende nayo chupa yenyewe, aombe mtoto apimwe presha ya macho. Kupimwa hakuumi na hakuchukui muda.

Mhariri, gazeti lako linasomwa mpaka barazani na kwenye madau. Ningefurahi sana mkimpata daktari wa macho akawa anajibu maswali ya wasomaji hata mara moja kwa mwezi, na swali la kwanza nalileta mimi: zile hospitali zetu za wilaya, ni zipi zenye kifaa cha kupimia presha ya macho na siku gani kinatumika? Nikilipata jibu nitalibandika dukani kwangu juu ya meza, pale watu wanapoweka chupa tupu.

Mtoa dawa,
Kusini Unguja